Kanda 14 na neno "teka": shajara ya mradi

Wiki ya 1

Kanda ni 14. Mwalimu alikuwa ameniambia kumi, labda kumi na mbili, lakini bati la biskuti lilipofunguliwa zikatoka 14, zote za dakika 90. Kama zimejaa pande zote mbili, hizo ni saa 21 za sauti. Kila moja imeandikwa kwa wino uliofifia: "Mama, hadithi", "Kisima", "Harusi jirani", "Vitendawili". Tatu hazina maandishi yoyote.

Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Mji wa Kale, Mombasa. Humu ataitwa Mwalimu tu, maana hataki jina lake liandikwe. Alirekodi miaka ya 1980, akiwa bado anafundisha, apate hadithi za kuwasomesha watoto fasihi simulizi.

Ninachotaka kutengeneza ni kitafutio. Unaandika neno, nacho kinakuonyesha ni kanda ipi na dakika ipi lilitamkwa. Kunukuu saa 21 neno kwa neno sina muda, na Mwalimu hana macho ya kazi hiyo.

Siku tatu zimekwenda kwa mashine. Kichwa cha kinasa kilikuwa na utando wa kahawia, nikakisafisha kwa spiriti na pamba. Mikanda iliyolegea niliizungusha kwa penseli, kama tulivyofanya utotoni. Hata hivyo kanda ya 6 ilimezwa. Nimeutoa mkanda ukiwa umekunjamana kama utepe wa zawadi, na sasa kuna mahali ambapo mama yake Mwalimu anasema "basi yule kijana aka..." halafu kimya. Hatutajua kijana alifanya nini.

Wiki ya 2

Nimeamua kutumia Kaldi, programu huria ya kutambua usemi. Kwa kasi ya mambo ya sasa hiyo ni kongwe, lakini naijua, na kompyuta yangu inaimudu. Ilianza mwaka 2009 kwenye warsha ya kiangazi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na jina lake ni la yule mchungaji wa Ethiopia ambaye hekaya inasema aligundua kahawa alipowaona mbuzi wake wakirukaruka. Nilipomsimulia Mwalimu, akamwita muuza kahawa kwanza.

Kaldi huja na mafolda ya mifano: ukiwa na data fulani, fuata hatua hizi. Folda moja inaitwa "babel". Ukiifungua unakuta orodha ya lugha zenye namba, na namba 202 ni Kiswahili. Karibu yake mna Kizulu, Kilao, Kitamili na Kijaluo pia.

Babel ilikuwa programu ya IARPA, wakala unaogharamia utafiti wa idara za ujasusi za Marekani. Data ya Kiswahili ilikusanywa kati ya 2012 na 2014 nchini Kenya: takriban saa 200 za watu wakisoma maneno na wakizungumza kwa simu, wenye umri wa miaka 16 hadi 65, wengine nyumbani, wengine barabarani, wengine ndani ya gari. Mwaka 2017 LDC, ile hazina ya data za lugha iliyoko Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ikaichapisha. Mimi nimeipata kupitia chuo ninakosoma. Maelezo yake yanasema wazi kwamba ni Kiswahili cha eneo la Nairobi. Nilisoma sentensi hiyo, nikaipita. Nitairudia.

Modeli ya kwanza inajifunza usiku huu. Feni ya kompyuta inalia kama posho mill.

Wiki ya 3

Modeli iko tayari, nikaenda kumwonyesha Mwalimu. Tulikaa barazani. Nilimweleza kwamba mashine imefundishwa na simu za Wakenya, na kwamba data ililipiwa na Wamarekani.

"Wamarekani gani?"

"Wa idara za ujasusi, Mwalimu."

Akaweka kikombe chini. "Ndoo ukae hapa karibu, sikio langu moja si zima. Umesema nani alolipa?"

Nikarudia. Akanyamaza, halafu akauliza kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho. "Na hao walikuwa wataka kusikiza nini?"

Nikajibu haraka haraka kwamba data imechapishwa sasa, kwamba walioongea walisajiliwa na wakijua wanarekodiwa, kwamba kanda zake hazitoki kwenye kompyuta yangu kwenda popote. Yote kweli, lakini hakuna alichokiuliza kati ya hayo. Mombasa si mahali pa kumjibu mzee juu juu kuhusu nani anasikiliza. Baada ya ubalozi kulipuliwa Nairobi mwaka 1998 na hoteli ya Kikambala mwaka 2002, kuna nyumba za mtaa ule ambazo zilizoea kuzungumza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, nenda kaniandikie," akasema. "Nani, wapi, kwa nini. Ukiniandikia nikafahamu, tutaendelea. Kanda zikae kwanza."

Bati likafungwa. Nimerudi na sauti za kanda mbili tu ambazo nilikuwa nimekwisha kuzihamisha kwenye kompyuta, "Mama, hadithi" na "Kisima", nazo aliniruhusu nizijaribie.

Wiki ya 4

Sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Nimekuwa nikiandika ukurasa wa asili ya data, ule utakaokaa mbele ya kitafutio. Nilidhani utakuwa aya moja, umekuwa kurasa nne.

Kikwazo cha kwanza ni neno maabara. Kwa Mwalimu, na kwa wengi wetu, maabara ni chupa, darubini na damu. Nilipompigia simu kumwambia kwamba kuna maabara za ujasusi ndani ya vyuo vikuu, akauliza wanapima nini humo. Nikamwambia humo hamna chupa. Mna watu wa isimu, wa saikolojia, wa hesabu na wa kompyuta, na wanachopima ni jinsi watu wanavyosema, wanavyofikiri na wanavyodanganyana.

Nimeanzia Maryland, maana huko ndiko mambo yanakoeleweka vizuri zaidi. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Maryland kilifungua kituo cha utafiti wa lugha kwa ajili ya serikali, kikajulikana kwa kifupi kama CASL. Ilikuwa miaka miwili baada ya Septemba 11, na Wamarekani walikuwa wakijiuliza walikosea wapi. Jibu moja lilikuwa aibu tupu: kuna ujumbe wa Kiarabu ulionaswa tarehe 10 Septemba 2001, ukidokeza kwamba kesho yake ndiyo siku, na ulitafsiriwa tarehe 12. Masikio walikuwa nayo. Waliopungua ni watu wa kuelewa kilichosikika, tena kwa wakati.

Kwa hiyo CASL haikuanza na mashine, ilianza na watu. Ilichunguza kwa nini mtu mmoja anajifunza lugha ngeni hadi anafikia kuelewa mzaha na kejeli, na mwenzake anakwama kwenye "habari gani". Jaribio walilolitunga, Hi-LAB, linapima kumbukumbu na sikio la mtu ili kukisia kama ataweza kufika ngazi ya juu kabisa. Nimelipenda wazo hilo kuliko nilivyotarajia. Ningependa kujua mimi mwenyewe, niliyezaliwa bara, ningepata ngapi kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa.

Mwaka 2018 ikaja ARLIS, ambayo imejengwa juu ya msingi wa CASL chuoni hapo hapo, mjini College Park. Jina lake kwa Kiswahili ningelisema Maabara ya Utafiti Tumizi wa Ujasusi na Usalama. Mlezi wake ni ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosimamia ujasusi na usalama, na uwanja umepanuka: lugha bado imo, lakini sasa wanashughulika pia na hatari ya mtu wa ndani anayevujisha siri, propaganda inavyobadili mawazo ya watu, na namna ya mtu na mashine kufanya kazi pamoja bila mmoja kumpotosha mwenzake.

Maabara za namna hii zina mkataba wa aina yake. Chuo kinapewa kazi kwa miaka mingi bila kuigombania upya kila mara, nacho kinatakiwa kukaa mbali na biashara ambazo zingekifanya kipendelee upande. Utaratibu huo ulirasimishwa mwaka 1996, ingawa mambo yenyewe ni ya zamani. Johns Hopkins walifungua maabara yao ya fizikia mwaka 1942, wakati wa vita, kutengeneza kiwashio cha kombora kinacholipuka kikiikaribia ndege bila kuigonga. Chuo hicho hicho mwaka 2007 kikafungua kituo kingine, HLTCOE, cha teknolojia ya lugha za binadamu. Na kule North Carolina, kwenye chuo kikuu cha jimbo kilichoko Raleigh, kuna LAS, maabara ya uchambuzi inayofanya kazi na NSA, idara ya Marekani inayonasa mawasiliano. Ilitangazwa Agosti 2013. Edward Snowden, aliyewahi kuwafanyia kazi, alikuwa ametoa siri za NSA kwa magazeti Juni mwaka huo huo. Wakati mbaya zaidi wa kukata utepe sijui kama ungepatikana.

Kwa nini chuoni? Mwalimu ataniuliza hilo, kwa hiyo nimeliandikia kabisa. Mtaalamu wa fonetiki hafugwi kambini. Anataka wanafunzi, anataka kuchapisha, anataka kubishana na wenzake kwenye makongamano. Serikali ikimtaka, imfuate aliko. Matokeo yake ni kitu chenye sura mbili: upande mmoja una milango ya kadi na watu waliochunguzwa mpaka shule ya msingi, upande mwingine unatema makala na programu ambazo hata mimi, katika chumba cha kupanga Mombasa, naweza kuzichukua bure. Sijui kama niwashukuru au niwaogope. Kwenye ukurasa nimeandika nilichochukua, nikaacha hapo.

Nilichokuwa sikijua kabla ya wiki hii: mwaka 2015 Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kushtukiza katika mashindano ya Babel yaliyosimamiwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Timu haziambiwi lugha ni ipi. Siku inafika, inatajwa, na zinapewa saa 3 tu za mazungumzo yaliyonukuliwa kuwa ndiyo shule yao. Nimejaribu kuwaza vijana wa vyuo mbalimbali wakikesha wiki hizo na "nimekupigia", "hajanipigia" na "tungempigia", wasijue kwamba yote ni pigo moja.

Wiki ya 5

Mvua. Umeme umekatika mara tatu, na mafunzo ya modeli yameanza upya mara tatu. Nimejifunza kuhifadhi kila saa.

Kazi ya wiki ni hizo "nimekupigia". Lugha yetu inapachika kila kitu kwenye kitenzi, kwa hiyo neno lolote utakalotafuta lina uwezekano mkubwa wa kuwa katika umbo ambalo mashine haijawahi kuliona. Nimeandika kanuni za kuvua viambishi mpaka kibaki kiini. Ukitafuta "piga", unapata ukoo mzima.

Alama za unukuzi za Babel zinachekesha kidogo ukizizoea. Kuna alama ya kikohozi, ya kicheko, ya pumzi, ya mlio wa simu, ya neno lililokatwa katikati, ya maneno ya lugha ngeni. Nimeongeza yangu mbili: jogoo, na adhana. Kanda za Mwalimu zina jogoo mmoja anayeingilia kila hadithi.

Kipimo cha mashindano ya Babel nacho nimekielewa hatimaye. Unakatwa alama kwa kila neno ulilolikosa, na pia kwa kila mahali ulipodai neno lipo kumbe halipo. Kosa la pili linazidishwa kwa 999.9. Inatisha mpaka ukumbuke kwamba linahesabiwa dhidi ya sekunde zote za sauti, ambazo ni nyingi mno. Hata hivyo sharti lenyewe ni la busara: usimpotezee mchambuzi wa ujasusi wakati kwa kumpelekea takataka. Ila kipimo hicho kinauliza neno limetamkwa au halikutamkwa, basi. Lilimaanisha nini, haimo.

Wiki ya 6

Leo nilitaka kitu chepesi. Kwenye kanda ya "Kisima" kuna hadithi ya wanawake wanaokwenda kuteka maji, nikaandika "teka" nione kama kitafutio kitanifikisha kisimani. Kikaleta sehemu 9 kutoka kanda zote mbili. Mbili ni za maji. Saba nilizibofya moja moja nikawa sielewi: hakuna kisima, hakuna ndoo, na kila mara nyuma ya sauti watu wanacheka.

Nikasikiliza ya tatu tena. Mama yake Mwalimu anasimulia habari za bwana harusi aliyekosea mlango. Mashine imeandika: "akateka hata matusi yakamtoka." Yeye kasema: "akateka hata matozi yakamtoka."

Kwa Kimvita, kuteka ni kucheka. Macho ni mato, machozi ni matozi, njia ni ndia, nchi ni nti. Hilo nilifundishwa darasani, lipo kwenye tenzi, na Mwalimu mwenyewe aliniambia "ndoo", yaani njoo, wiki tatu zilizopita mbele ya uso wangu. Mtu kacheka mpaka akatokwa na machozi, mashine yangu imemfanya mtekaji anayetukana.

Na hii si "teka" ya maji. Ukimpa mtu wa Nairobi, au wa Dar, neno "akateka" peke yake leo, hatawaza kisima. Atawaza gari lisilo na namba. Nikachukua mstari ule nikauingiza kwenye mtambo wa kutafsiri, nao ukaniletea utekaji nyara bila kusita.

Hapo nikakumbuka MATERIAL, programu iliyofuata Babel, nayo ya IARPA. Ilianza 2017, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha mbili za kwanza, pamoja na Kitagalogi. Mchambuzi asiyejua Kiswahili anauliza kwa Kiingereza, mtambo unachimba maandishi na sauti za Kiswahili, unamrudishia zinazofaa pamoja na muhtasari wa Kiingereza ili aamue zipi zipelekwe kwa mtafsiri. Ukiuliza habari za watu kutekwa, kanda ya bi kizee anayesimulia harusi ingeweza kupanda juu kabisa ya orodha.

Nisiwaonee. Walioitengeneza data waliandika "Nairobi" kwenye jalada, mimi ndiye niliyeifundisha mashine Kiswahili cha matatu kisha nikaipeleka barazani Mji wa Kale. Na watu wa CASL wangekuwa wa kwanza kunicheka, au kuniteka, maana kituo chao kilifunguliwa kwa sababu hii hii: neno lilinaswa, wa kulielewa hakuwepo. Lakini nimekaa na zile sehemu saba usiku kucha. Kwenye kipimo cha Babel zote saba ni ushindi. Neno lilitamkwa, mashine ikalikuta, hakuna alama iliyokatwa.

Nimeongeza kamusi ndogo ya Kimvita kwenye modeli: mato, matozi, nti, ndia, ndoo, teka. Kitafutio sasa kikikutana na "teka" hakiamui. Kinaweka alama ya kuuliza na kinacheza sekunde kumi za kabla na kumi za baada, msikilizaji ajiamulie. Imepunguza kasi sana. Sijali.

Wiki ya 7

Nimempelekea Mwalimu ukurasa wa asili, umechapwa kwa herufi kubwa. Alisoma kurasa zote nne kwa saa nzima huku nikinywa kahawa ya tatu nisiyoihitaji. Alisahihisha maneno sita. "Kugharamia" alilikubali, "uwanja umepanuka" akalikata, akasema ni la magazetini.

Kisha nikamchezea zile sehemu saba na ilichoandika mashine. Kwenye "akateka hata matusi yakamtoka" aliteka yeye mwenyewe, matozi yakamtoka, mpaka jirani akachungulia dirishani.

Alipotulia akafungua bati. Akatoa kanda moja moja akazipanga mezani, akanisukumia 11. Zile tatu zisizo na maandishi akazirudisha ndani.

"Hizi je, Mwalimu?"

"Hizi niliwategea. Wazee wa baraza hii hii, mwaka 1986. Kinasa nilikiweka ndani ya kikapu cha muhogo. Nilikuwa kijana, nataka maneno yao ya kale kwa kazi yangu ya skuli. Hakuna nilomwuliza hata mmoja."

"Wapo hai?"

"Mmoja."

Akafunga bati. Akasema Ijumaa baada ya swala atakwenda kumwona, kisha atanijuza.

Ya wiki ijayo: kuhamisha kanda 9 zilizobaki kati ya zile 11, kutafuta mkanda mpya wa mpira wa kinasa (huu umeanza kuteleza, sauti zinazama), na kuongeza kwenye ukurasa wa asili sehemu ya pili, ya kanda zenyewe: nani alirekodi, wapi, nani aliulizwa. Mistari mitatu nimeiacha wazi mpaka Ijumaa.